Ndizi Zikioza, Zioze

Kiogoro, jioni

Akinyi mwanangu,

Mama yako ameshakuambia habari za soksi, za neti ya mbu, za dawa ya tumbo na za kutokula nyama ya barabarani. Nimemsikia akiyarudia yote kwa Ekegusii ili yakuingie vizuri, kwa hiyo hayo mimi nayaacha. Kwenye soksi sina la kuongeza.

Nakuandikia kwa sababu kusema kumenishinda. Tangu uliposimama kanisani ukasema utaendesha lori la msaada mpaka kaskazini kwenye mafuriko, kila nikifungua mdomo inatoka hasira. Jumapili nilikuambia kwamba kama umechoka kuishi kuna njia fupi kuliko ya kupitia Isiolo. Hayo hayakuwa maneno ya baba kwa mtoto. Uliinuka ukaacha chakula, na tangu siku hiyo tunapishana ndani ya nyumba hii kama wapangaji wawili waliogombania kamba ya nguo. Mama yako amegeuka tarishi wetu. Mwambie baba yako chai iko tayari. Mwambie mtoto wako nimesikia. Nimejionea aibu. Mimi ambaye huko mjini madereva na makondakta wakitukanana mbele ya duka langu la spea ndiye ninayewapatanisha, nimeshindwa kupatana na mtu niliyemfundisha kushika usukani.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nyumba yetu ndivyo ilivyokuwa. Mimi ni wa kando ya ziwa, mama yako ni wa hapa. Kijaluo hakikumkaa mdomoni, na Ekegusii changu hadi leo kinawachekesha akina mama wa soko la Kisii. Wewe ulikulia katikati yetu, ukaokota hiki cha shule tukakifuata. Yapo maneno ya mama yangu ambayo ningependa kukuambia leo, lakini ungelazimika kutafuta mtu wa kukutafsiria, na si maneno ya kupitishia mikononi mwa mtu.

Nataka kukusimulia habari za Onchari. Unazijua, najua unazijua. Kila mtu hapa Kiogoro anajua kwamba nilikwenda kaskazini na rafiki nikarudi na jeneza. Ila wewe ulizipata kama watoto wanavyopata mambo ya wakubwa, kipande leo kipande mwakani, nyuma ya mlango. Sijawahi kukukalisha nikakueleza. Na kesho unaondoka na Mokua, mwanawe, akiwa ameketi upande wako wa kushoto, mahali alipokuwa akiketi baba yake kando yangu. Nimewatazama leo mkipakia lori hapo kwenye uwanja wa kanisa, nikaona nikikaa kimya tena nitakuwa nimeua mara mbili.

Wakati huo wewe ulikuwa hujaanza shule. Mimi nilikuwa dereva wa ndizi. Sasa watu wanasema dereva ni dereva, lakini enzi zetu dereva wa ndizi alikuwa mtu wa aina yake. Mzigo wake una roho. Ukikata mkungu leo hapa Kisii, kesho lazima uwe umeshuka Nairobi ukiwa bado kijani, la sivyo umeiva ndani ya turubai, na ndizi iliyoiva kwa joto la turubai haina mnunuzi. Kwa hiyo tulikimbia. Tulikimbia usiku, tulikimbia kwenye ukungu wa Kericho, tulikula mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Nyuma ya lori letu tulikuwa tumeandika kwa rangi nyekundu, Haraka haraka haina baraka. Onchari alikuwa akicheka akisema tumewaandikia walio nyuma yetu, sisi wa mbele hatuwezi kuisoma.

Onchari alikuwa taniboi wangu, mtu wa Itumbe, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Aliniita Jaluo, nami nilimwita Omogaka, yaani mzee, ingawa nilimzidi umri. Kazi ya taniboi unaijua: kufunga kamba, kuweka jiwe chini ya tairi, na kugonga bodi. Akigonga mara moja, simama. Akigonga mara mbili, twende. Dereva haoni nyuma wala haoni chini ya lori, anaona kwa sikio. Mimi na Onchari tulienda miaka kwa mlio huo. Sikuwahi kuondoa mguu kwenye breki kabla hajagonga, hata tukiwa tumegombana, na tuligombana sana.

Ukame ulipopiga kaskazini mwaka ule, kanisa lilichangisha chakula kama lilivyofanya safari hii. Sasa fikiria, mwanangu, watu wa Kisii wanachangisha chakula. Wataleta nini? Walileta ndizi. Walileta mahindi na maharagwe pia, lakini ndizi zilikuja kwa mikokoteni, kwa pikipiki, kwa vichwa vya akina mama, kwa sababu hapa ndizi ndiyo heshima. Ukimpa mtu mkungu mzima umempa mgongo wa shamba lako. Hakuna aliyeuliza kama watu wa kule wanaijua ndizi ya kupika. Hakuna aliyeuliza wataipikia maji gani, nao shida yao ilikuwa hayo maji. Hata mimi sikuuliza. Nilifurahi, kwa kuwa ndio mzigo niliojua kuubeba. Nilizipanga zikiwa zimesimama, nikazitandikia majani, nikavuta turubai na kukaza kamba kwa mafundo yetu yale ambayo hayalegei hata barabara iwe mbovu namna gani.

Tukakimbia. Tulipita Nakuru, tukapita Isiolo, lami ikaisha, na joto likaanza kupanda kutoka chini kama mtu aliyefunua sufuria. Siku ya pili nikasikia harufu. Dereva wa ndizi anaijua harufu hiyo hata akiwa usingizini. Ni tamu, na kwake ni harufu ya hasara. Onchari alifungua kona ya turubai akaniambia zile za katikati zimeanza kugeuka. Tangu hapo sikusikia kitu kingine. Sikuwa tena mtu anayepeleka chakula kwa wenye njaa. Nilikuwa dereva wa ndizi ambaye mzigo wake unaharibika.

Mchana wa siku hiyo tukafika kwenye laga. Utaziona nyingi. Ni mto wa mchanga, mpana kuliko barabara yoyote unayoijua, hauna daraja wala hauna maji, unavuka kama unavyovuka uwanja. Ng'ambo yake kulikuwa na ile kambi tuliyokuwa tunaiendea, tuliyaona hata mabati yake yakimetameta. Kando ya laga lori la mifugo lilikuwa limeegeshwa, dereva wake amelala chini yake kivulini. Nilipopunguza mwendo alitoa kichwa.

"Mzee, ngoja," alisema. "Maji inakuja. Imenyesha mbali."

Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, nyeupe kwa jua. Nikatazama mchanga, ulikuwa mkavu, ila katikati kulikuwa na kijito chembamba ambacho kuku angevuka. Nikacheka. Hapo ndipo penye kosa langu, na ni kosa la mtu wa huku. Sisi hapa tumezoea mvua inayotunyeshea wenyewe. Inakuja alasiri, unaiona ikitoka upande wa Manga, unaanua nguo, inakunyeshea, mto unajaa, unajua kwa nini umejaa. Haikuniingia akilini kwamba mto unaweza kujaa kwa mvua ya watu wengine, chini ya jua kali, bila tone moja kukugusa. Na mbaya zaidi, mimi ni mtoto wa ziwa. Nilikuwa nimekulia majini. Nani angenifundisha maji?

Onchari alisema, "Jaluo, tungoje. Hii mchanga mimi siiamini. Naogopa."

Alisema hivyo waziwazi, jinsi mtu anavyosema ana njaa. Nami nikamjibu mbele ya yule dereva wa mifugo kwamba yeye ni mtu wa milima, anaogopa hata maji ya kikombe, na kama anaogopa basi ashuke atembee mbele apime mchanga kwa fimbo kama bibi kizee. Yule dereva hakucheka. Onchari alikunja suruali mpaka magotini, akashuka.

Alitembea mbele yangu akichoma fimbo, hatua, fimbo, hatua, fimbo. Tulikuwa tumekubaliana akifika ng'ambo arudi agonge bodi, ndipo niingie. Lakini alikwenda polepole, na ile harufu ilikuwa imejaa kwenye kichwa cha lori. Alipofika katikati sikungoja. Nikaweka gia nikaingia nyuma yake. Kwa miaka yote ile ndiyo mara ya kwanza niliyoondoka bila kugongewa.

Tairi za nyuma zilizama karibu na ukingo nilikotoka, na nilikuwa nakanyaga mafuta nikitukana nilipousikia. Kwanza nilidhani ni injini yangu. Ulikuwa mngurumo wa chini, wa kukwaruza, kisha ukaja ukuta mfupi wa maji ya kahawia ukisukuma vijiti na mavi ya ngamia. Haukuwa mrefu. Ungekufika kiunoni. Onchari alikuwa amekaribia ng'ambo kuliko alivyokuwa karibu nami. Angekimbia mbele angefika. Alichofanya ni kugeuka akakimbia kurudi kwangu.

Nimeliwaza jambo hili mpaka limekuwa laini kama jiwe la kusagia. Alirudi kwa sababu alizoea kwamba mahali pa usalama ni kwenye lori letu. Nilipanda juu ya mzigo. Kamba zilikuwa tele, zimezunguka lori zima, nami sikuweza kufungua hata moja. Nilikuwa nimezikaza mwenyewe. Nilivuta mpaka kucha zikang'oka, na panga lilikuwa chini ya kiti. Aliniita jina langu, si Jaluo. Kisha maji yakamwondoa miguuni na sikumwona tena.

Watu hawajawahi kuniuliza kwa nini sikuruka, mimi mtoto wa ziwa. Wanauliza kwa macho. Zamani nilijijibia kwamba maji ya ziwa hukaa mahali pake na yale yalikuwa na kasi, kwamba ningekufa tukawa maiti mbili. Pengine ni kweli. Lakini wewe nakuambia kama yalivyokuwa. Sikuruka kwa sababu niliogopa. Nilimcheka mtu kwa kusema anaogopa, na kabla kivuli cha lori hakijasogea nilikuwa nimeng'ang'ania turubai, na ndizi zikinukia chini yangu.

Maji yalipungua jioni kana kwamba hayakuwahi kuja. Waliomtafuta Onchari ni wale watu wa kambini tuliokuwa tukiwapelekea chakula. Walitoka wanaume na wanawake, wengine hata viatu hawana, wakafuata mchanga kwenda chini mpaka giza, na alfajiri wakaendelea. Walimpata. Mzee mmoja alivua shuka lake akamfunika, na vijana wanne wakambeba mabegani kutoka huko, watu ambao ukiwatazama mikono unaona mifupa. Mmoja alilazimika kukaa chini mara kwa mara kwa sababu hakuwa amekula. Tulikwenda kuwasaidia, Akinyi. Wakatubebea maiti yetu.

Mahindi na maharagwe waliyapokea wakashukuru. Ndizi tulizishusha zikiwa zimegeuka nyeusi na rojo, nyuki wamezijaa. Mtoto mmoja alichukua moja iliyobaki kijani akaiuma mbichi na ganda lake, akatema, akanitazama kama niliyemtania. Nilimkumbuka mtoto huyo leo nikiona mnavyopakia.

Ndiyo maana nakuomba, utakapofika, usiwe mwepesi wa kujiona mleta wokovu. Watakupa chai ya sukari nyingi na sukari yenyewe hawana. Inywe. Watakuambia barabara haipitiki. Waamini, hata kama mtu anayekuambia ni mtoto anayechunga mbuzi watatu. Wewe umeendesha lori la majani chai huko Itumbe kwenye matope ambamo hata trekta inaomba msamaha, na ninajivunia sana, sijakuambia. Matope unayajua. Mchanga huujui. Mtu anayejua kitu kimoja vizuri hudhani anakijua na kilicho jirani nacho, nao ndio ugonjwa aliokuwa nao baba yako.

Tulimleta Onchari Itumbe. Mama Mokua alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yao, Mokua mgongoni, kitenge kimefungwa vibaya kwa sababu alikuwa amekifunga kwa kukimbia. Nilitegemea atanipiga. Nilitaka anipige. Badala yake aliniuliza neno moja tu, kama mwenzake aliogopa. Nami nikamwambia hapana. Nikamwambia Onchari aliingia majini kama askari, mwenyewe, kwa kujitolea, na kwamba hata sikio lake halikutikisika. Wazee wakaitikia. Mhubiri akalirudia hilo kaburini kwa sauti. Likawa ndilo jina la Onchari, mtu ambaye hakuogopa. Mokua amekulia ndani ya hadithi hiyo. Umemsikia mwenyewe akisema baba yake hakuwa na woga, kisha anajilaumu kwa sababu yeye mwoga wa radi.

Nilidhani nimemzawadia mjane. Kumbe nilijifunika mwenyewe. Mtu aliyeingia majini kwa ushujaa wake hakusukumwa na yeyote.

Baada ya hapo niliacha ndizi, nikafungua duka la spea. Na wewe nikakufungia maji. Kila tukienda kwa nyanya yako kule ziwani, binamu zako wakiingia kuogelea, wewe ulikaa ukingoni na gauni lako safi, mikono magotini, ukiwatazama. Uliniomba. Mara moja ulilia mpaka ukalala. Nyanya yako aliniambia kwamba mtoto anayekatazwa maji anayapa maji nguvu. Sikumsikia. Kwa hiyo leo unaenda kwenye mafuriko na hujui kuogelea, binti wa mtu wa ziwa, na aliyefanya hivyo ni mimi. Nilikuwa nakukinga, na nimekuacha bila kinga. Hili linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa, kwa kuwa la Onchari limeshapita, na hili bado liko njiani.

Sasa nikueleze ya leo mchana, ulipokuwa umekwenda mjini kujaza mafuta kwenye madebe. Mama Mokua alikuja kutoka Itumbe kwa boda boda, mkungu umefungwa nyuma yake, mkubwa mpaka yule kijana wa pikipiki alikuwa anaendesha ameinama. Ndizi ya kupika, kijani, imekatwa leo. Nilikuwa nimeshawarudisha akina mama wa soko na ndizi zao tangu asubuhi, nikiwaeleza kwamba kule haziliki, wabadilishe walete unga. Walinung'unika lakini walibadilisha. Nikamwambia naye hivyo hivyo, kwa upole.

Akaniambia, "Ile ya kwanza haikufika, Baba Akinyi. Hii iende."

Tulibaki tumesimama hapo na mkungu katikati yetu, Mokua akiwa juu ya lori anafunga kamba bila kutusikia. Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Nadhani ni kumwona yule kijana huko juu, mwembamba vile vile. Nikamwambia yote. Nikamwambia Onchari alisema tungoje. Nikamwambia alisema anaogopa, kwa maneno hayo, na mimi nikamcheka mbele ya watu, na nikaingia mtoni kabla hajagonga. Nikamwambia alirudi mbio kwangu na kamba hazikufunguka.

Alikaa chini kwenye nyasi kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni. Hakulia. Alivuta nyasi moja moja kwa muda, halafu akasema, bila kuniangalia:

"Mimi nilijua aliogopa. Onchari alikuwa anaogopa hata ile daraja ya miti kwa mto wetu. Usiku akienda choo alikuwa ananiamsha nisimame na taa. Wewe uliniletea mtu mwingine, huyo hakuna kitu anaogopa. Huyo si ule nilikuwa nimeolewa na yeye. Miaka hii yote wananiambia nimlilie, na mimi simjui."

Nikataka kuomba msamaha, nikaona neno lenyewe ni dogo. Nikaliomba hivyo hivyo. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala si kwa kukubali. Siwezi kukuambia kwamba amenisamehe, kwa sababu hakusema. Aliinuka, akajipangusa, akaniambia niupandishe ule mkungu. Nikamkumbusha kwamba utaoza njiani. Akasema:

"Ikioza, wairushe. Ndizi iko mingi. Mtoto niko na huyo mmoja."

Kisha akamwita Mokua ashuke, akamshika mkono, wakaenda kukaa pembeni kwa ukuta wa kanisa. Nimeona anamwambia. Sikusikia maneno, lakini nilimwona Mokua akiinamisha kichwa, halafu akacheka kidogo huku anajifuta macho, na nadhani hapo alikuwa amefika kwenye ile taa ya choo. Kwa hiyo ukimwona kesho amebadilika, usimuulize haraka. Amepata baba ambaye jana alikuwa hana.

Ule mkungu uko juu kabisa ya unga na mablanketi, nje ya turubai, upate hewa. Nimeufunga mwenyewe kwa fundo la kuvuta mara moja, hata mtoto analifungua. Na nyuma ya kiti chako nimeweka kamba nyingine ndefu, imekunjwa tu, haijafunga kitu. Usiifungie mzigo. Mtu akikuomba aifungie mzigo, mnyime, hata akuone mchoyo. Panga pia liko hapo juu, si chini ya kiti.

Mokua ni mwoga, mwanangu. Ni mwoga kama baba yake, na sasa anajua kwamba ana haki ya kuwa hivyo. Atakuambia tungoje. Atakuambia mahali ambapo utakuwa umechoka, kuna watu ng'ambo wanakusubiri, na kila kitu ndani yako kinasema ni mita chache. Wewe una damu yangu. Nimekuona ukipiga honi nyuma ya punda. Ukijisikia unataka kumcheka, ng'ata ulimi. Egesha. Lala chini ya lori kama yule dereva wa mifugo, ambaye sikuwahi hata kumuuliza jina lake. Watakaokuita mwoga watakuita ukiwa hai. Na huo mkungu ukianza kugeuka njano, uutazame ukigeuka. Ndizi zikioza, zioze.

Umesema utakaa huko mpaka barabara zifunguke, na pengine hata baadaye, wakikuhitaji. Sikupenda kusikia hivyo na bado sipendi. Nyumba hii itakuwa kubwa. Mama yako ataendelea kupika ugali wa watu watatu, nitaumaliza nikilalamika. Nina hofu, Akinyi. Nimeificha kwenye hasira wiki nzima, sasa nimeitoa, ndiyo hii uliyoishika mkononi. Usiniletee habari za ushujaa. Ukinipigia simu useme leo tumeshinda kando ya mto bila kufanya chochote, nitalala usingizi siku hiyo.

Mama yangu akituaga alikuwa akisema oriti, Mungu akulinde, neno moja tu halafu anaingia ndani asionekane. Mimi sitaingia ndani. Asubuhi nitakuwa nyuma ya lori, mahali ambapo hutaniona kwenye kioo. Usiteremke kuniaga, nitaharibika mbele ya mhubiri. Washa injini, ukae na mguu kwenye breki, unisikilize.

Nitagonga mara mbili.

Baba yako